Kisahani kimetua ndani, mbona bendera nyekundu?

Swali: Mwanangu yuko kidato cha tatu. Kwenye mashindano ya shule alirusha kisahani vizuri, kikatua katikati kabisa, lakini mwamuzi akainua bendera nyekundu ya kufuta jaribio kwa kuwa kijana alitoka kwa mbele kwenye duara la kurushia. Kocha anasema alionewa, maana kisahani kilikuwa kimeshatua. Tukate rufaa? (Mama, Umoja, Nairobi)

Jibu: Mama, hakuonewa, na rufaa haitasaidia. Kila msimu nikisimama kando ya duara nasikia hiyo kauli ya "kimeshatua", na hunikera zaidi inapotoka kwa kocha. Ni kweli mrushaji hatoki kabla kisahani hakijagusa ardhi, lakini kikishatua bado kuna suala la mahali pa kutokea. Pande mbili za duara kuna mistari myeupe ya sentimita 75 inayotenga nusu ya mbele na ya nyuma. Anapotoka, mguu wa kwanza kugusa juu ya ukingo wa chuma au ardhi ya nje lazima uwe nyuma kabisa ya mistari hiyo. Nimeona kijana akiwapita wenzake wote, akaruka mbele kwa furaha, kisigino kikakanyaga ukingo. Jaribio likafutwa.

Baada ya kila jaribio, hata la mazoezi, mwanao atulie, ageuke, atokee nyuma, mpaka miguu izoee. Na akikosea hatua katikati ya kuzunguka, kama hajavunja kanuni yoyote, anaruhusiwa kusimama, aweke kisahani chini na kuanza upya ndani ya muda wake. Wengi hawaambiwi hili, wanarusha tu bora kirushwe.

Kinachoniudhi hasa ni hawa "wataalamu" wanaozuka wiki moja kabla ya mashindano. Huyu anafunga vidole viwili pamoja kwa plasta ati kisahani kisiponyoke, yule anapaka soli gundi. Yote mawili yamekatazwa, ilhali chaki mkononi inaruhusiwa na bei yake ni ndogo. Wengine humpa mvulana wa miaka 16 kisahani cha watu wazima, kilo 2, "apate nguvu", na hali cha wavulana chini ya miaka 18 ni kilo 1.5. Anazoea mwendo usio wake, na bega linaweza kuumia. Wazazi wenzangu, mtu akidai pesa ili amwongezee mtoto mita kumi kwa wiki mbili, mpelekeni kwanza kwenye duara awaeleze ile mistari myeupe ni ya kazi gani.