Kabla hujampeleka mtoto kupimwa disleksia

Mzazi mwenzangu wa Arua, Koboko au popote Uganda ambako nyumbani mnaongea Kiswahili: ukiambiwa mtoto wako hajui kusoma, uliza kwanza, hajui kusoma kwa lugha gani? Nyumbani anaongea Kiswahili, P.1 hadi P.3 (darasa la kwanza hadi la tatu) anafundishwa kwa Kilugbara au lugha nyingine ya eneo, halafu P.4 masomo yanageuka Kiingereza. Anayekwama hapo huenda ana disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika usiotokana na uvivu wala upungufu wa akili, na huenda Kiingereza hajakizoea tu. Msaada wa huyu si msaada wa yule.

Binti yangu akiwa P.4, ripoti ya shule ilisema ni mvivu, arudie darasa. Nilikataa. Mtoto anayesimulia hadithi ya bibi yake neno kwa neno baada ya kuisikia mara moja, uvivu wake uko wapi? Nikampa kitabu cha Kiswahili. Akasoma ukurasa mzima vizuri, macho yako kwenye picha. Nikaifunika picha kwa kiganja, nikamwonyesha neno moja katikati ya mstari. Kimya. Ukurasa wote alikuwa ameukariri.

Jihadhari hapa, maana Kiswahili huuficha ugumu huu. Kinasomwa kama kinavyoandikwa, kwa hiyo mtoto mwenye disleksia anaweza kulimaliza neno bila kosa lolote, ila kwa kujikokota silabi moja moja, hata kama neno hilohilo amelisoma mstari wa juu. Kwa Kiingereza makosa yangejaa. Kwa Kiswahili sikiliza kasi. Cheza naye na sauti pia: mwambie aseme "kalamu" bila "ka". Watoto wengi wa P.4 watakujibu "lamu" papo hapo. Wangu alirudia "kalamu", akaniangalia kwa wasiwasi. Mwandikie pia maneno ya kubuni ayasome, kama "bapeli" na "tofuki", ambayo hakuna aliyeyakariri. Kuchanganya b na d peke yake kusikutishe, watoto wengi hufanya hivyo mpaka miaka 7 hivi.

Diskalkulia, ugumu kama huo lakini wa namba na hesabu, utaiona sokoni. Mtoto mkubwa anaona nyanya nne lakini lazima aziguse moja moja, kujumlisha 5 na 3 bado ni kwa vidole, na 48 na 84 hajui ipi kubwa.

Hayo ya nyumbani hayatoshi kumpa mtoto jina la tatizo. Yanakupa tu cha kumweleza mtaalamu. Anza na masikio na macho katika hospitali ya rufaa, kwa sababu mtoto anayetoka usaha masikioni mara kwa mara hukosa sauti ambazo kusoma kunazihitaji. Kama aliwahi kupata malaria ya ubongo akazimia au akapata degedege, sema. Inaweza kuacha shida ya kumbukumbu na umakini, na hapo msaada unapangwa kwa namna nyingine.

Disleksia haionekani kwenye damu wala kwenye picha ya kichwa. Mpimaji hukaa na mtoto muda mrefu, akampima kusoma, imla, hesabu, kumbukumbu na kufikiri, kisha akakuhoji wewe. Beba madaftari ya mihula kadhaa, maana ripoti inatoa alama lakini daftari linaonyesha kosa linalojirudia. Taja kama baba au mjomba naye alisumbuka kusoma, mambo haya hufuata ukoo. Na sisitiza apimwe pia kwa Kiswahili, hata kwa mkalimani. Ofisi ya elimu ya wilaya ikuambie nani anashughulikia elimu maalumu. Kampala, Chuo Kikuu cha Kyambogo ndicho kinachofundisha walimu wa fani hiyo, kwa hiyo ni pa kuulizia.

Usikubali karatasi yenye jina la tatizo tu. Dai iandikwe mwalimu afanye nini darasani: amsomee maswali kwa sauti, asimsimamishe kusoma mbele ya wenzake, ampe muda. Fanya haya mapema, P.5 ikiwezekana, kwa sababu UNEB, baraza la mitihani la Uganda, huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 45 za ziada, na shule ndiyo inayoomba wakati wa kuwasajili kwa PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mwaka wa P.7 ukianza, nenda kwa mwalimu mkuu na ripoti ya mpimaji, umwombe akuonyeshe jina la mtoto limeandikwa kwenye ombi hilo.