Kura ilianguka, sasa mbona Profesa Megan Davis bado anasifiwa?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Huyu Profesa Megan Davis wa Australia nasikia ndo alikuwa mstari wa mbele kutaka katiba iwatambue Waaborijini (wenyeji wa asili wa huko), alafu 2023 wananchi wakakataa. Sasa anasifiwa kwa lipi? Na kwani wasingepitisha sheria ya kawaida bungeni yaishe, mpaka waguse katiba?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, nianze na hilo la mwisho maana ndo lenye utamu. Sheria ya kawaida walishakuwa nayo! Mwaka 1990 kilianza chombo kinaitwa ATSIC, Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait wakawa wanachagua wawakilishi wao wenyewe, ikafika 2005 bunge likakifuta, basi, hakipo. Chombo kikiwa kwenye katiba, bunge linaweza kubadilisha muundo wake ila kukifuta haliwezi mpaka wananchi waulizwe.

Davis ni wa watu wa Cobble Cobble huko Queensland, mtaalamu wa sheria ya katiba, na alishakaa kwenye Jukwaa la Kudumu la Umoja wa Mataifa kuhusu watu wa asili hadi akawa mwenyekiti, kwahiyo hii haki ya kushauriwa kwenye mambo yanayokuhusu, ambayo imo kwenye Azimio la UN la 2007, anaijua nje ndani. (Australia yenyewe ililipigia azimio hilo kura ya hapana, ikaja kuliunga mkono 2009.)

Mimi ninachomsifia zaidi ni ile mikutano. Alikuwa kwenye baraza lililoundwa kuandaa kura ya maoni, akashiriki kubuni mikutano 12 ya kikanda ambayo Waaborijini wenyewe walikaa wakajadili wanataka nini, badala ya kuletewa kitu kimeshapikwa Canberra, mji mkuu, na Mei 2017 wajumbe wakakutana Uluru, kwenye ule mwamba mkubwa katikati ya nchi, na ni yeye aliyelisoma tamko lao kwa mara ya kwanza. Siyo wote walikubaliana, kuna waliotoka nje wakisema mkataba kati ya serikali na Waaborijini ndo utangulie. Tamko lenyewe liliomba chombo cha ushauri ndani ya katiba, yaani Sauti, halafu mkataba na kusema ukweli wa historia.

Kura ya 14 Oktoba 2023 ilikuwa ya Sauti peke yake, na karibu asilimia 60 wakasema hapana, majimbo yote 6. Kule ili pendekezo la kubadili katiba lipite lazima lipate wengi nchi nzima na pia angalau majimbo 4, ndo maana tangu 1901 yamepita mapendekezo 8 tu kati ya 45, na hakuna lililowahi kupita chama kikubwa kimojawapo kikilipinga. Safari hii upinzani ulipinga waziwazi.

Mkataba na ukweli havihitaji kura ya nchi nzima. Jimbo la Victoria walianzisha tume yao ya ukweli 2021, na 2025 wakasaini mkataba.