Mtihani wa leseni ya kufundisha sayansi: nilivyofeli nikiwa nimesoma sana

Mara ya kwanza niliingia chumba cha mtihani nikiwa nimemeza vitabu. Shahada yangu ni ya baiolojia. Swali moja likasema: mwanafunzi ameandika kwamba mti hupata uzito wake kutoka kwenye udongo, amekosea wapi, na utamsaidiaje? Nikaandika mlinganyo wa usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga, maji na hewa, nikaupigia mstari chini, nikaenda swali linalofuata kifua mbele.

Nilifeli.

Mlinganyo wenyewe ulikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba mwanafunzi yule angeunakili akabaki palepale, kwa sababu anaona kwa macho yake mizizi imezama ardhini. Leo ningeanza na mwanasayansi wa karne ya 17, Jan Baptist van Helmont, aliyepanda mche wa mwerebi kwenye chungu akaumwagilia kwa miaka 5. Mti uliongezeka takribani kilo 74, udongo ukapungua gramu 57 hivi. Basi hizo kilo zimetoka wapi? Hapo ndipo somo linapoanza. Van Helmont mwenyewe alijibu kuwa ni maji tu, hewa hakuihesabu. Na ajabu ni kwamba neno "gesi" alilibuni yeye.

Kwa hiyo nilipojiandaa mara ya pili nilifungua daftari la makosa. Sikuandika humo majibu sahihi, hayo yamejaa vitabuni. Niliandika mawazo potofu ya wanafunzi: kwamba balbu "inakula" mkondo wa umeme, kwamba mapovu ya maji yanayochemka ni hewa, kwamba joto la kiangazi linatokana na dunia kulisogelea jua, ilhali dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, wakati nusu ya kaskazini iko kwenye baridi. Chini ya kila wazo nilijiuliza: ni nini kinachomfanya aamini hivi, na ni swali au jaribio gani litakalomtikisa?

Fizikia nilikuwa naikimbia, nikijidanganya kwamba baiolojia itanibeba. Usifanye hivyo. Anza na somo unalolikwepa, tena asubuhi, akili ikiwa bado mbichi. Mimi nilimkalisha mdogo wangu nikamweleza umeme kwa sauti. Aliponiuliza "kwa nini?" mara ya tatu nikakwama, na pale nilipokwama ndipo nilipopasoma usiku ule.

Maswali ya maabara hayana ujanja mwingi. Asidi humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Badili kitu kimoja tu katika jaribio, vingine vibaki vilevile, na ueleze kwa nini.

Mitihani iliyopita ifanye ukiwa na saa mezani. Mimi nilikuwa naifanya nikiwa nimejilaza, nachungulia majibu, kisha najisifu. Utagundua pia kwamba "taja" na "tathmini" hazidai jibu la urefu mmoja. Nilikuwa napoteza dakika nyingi kwenye "taja".

Mara ya pili swali la balbu lilikuja kweli. Nikachora ameta mbili, yaani vipima mkondo, moja kila upande wa balbu, nikaandika kwamba ningewaambia wanafunzi watabiri usomaji wa kila moja kabla sijafunga swichi. Dakika zilizobaki nilizitumia kukagua vizio, na nikakuta nimeandika kilojuli mahali pa juli.