Mswada umekwenda, jibu haliji

SWALI: Shikamoo Bibi. Nimepeleka mswada wa riwaya yangu kwa mchapishaji mmoja Dar es Salaam, yapata miezi saba sasa. Kimya. Niwapigie simu? (Msomaji, Ngamiani, Tanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Najua inavyouma. Wangu niliutuma kwa basi kutoka hapahapa Tanga, bahasha ya kaki nimeizungushia selotepu mara tatu. Mwaka ukapita. Kumbe ulishasomwa zamani, barua tu ndiyo haikutumwa!

Simu husahaulika, waandikie mistari minne: jina la mswada, tarehe uliyoutuma, kama umefika, na lini utarajie jibu. Wakinyamaza mwezi mzima, waandikie kwamba unauondoa, ndipo uupeleke kwingine. Na nakala umebaki nayo? Mimi sikuwa nayo.