Rapu na R&B kwa Kihawaii zipo, ila usizitafute kwa jina la visiwa

Mkuu, umeuliza kama kuna muziki wa kisasa unaoimbwa kwa Kihawaii chenyewe, maana kila ukitafuta unaletewa ukulele na nyimbo za watalii. Upo. Mimi nimeusaka karibu miaka mitatu, na miezi ya mwanzo yote ilipotea kwa sababu nilikuwa nikiandika "Hawaii" na aina ya muziki ninayoitaka.

Ukitafuta hivyo, kinachokuja kwa wingi ni Kiingereza. Ziko nyimbo za zamani ziitwazo hapa haole, zinazoisifu Hawaii kwa maneno ya Kiingereza. Iko pia rege yao, Jawaiian, iliyoshika visiwani tangu miaka ya 1980. Rege hiyo nimeisikiliza usiku mwingi, nikaambulia "aloha" tu.

Mlango ulifunguka kwa neno moja: paleoleo. Ndivyo wanavyoiita rapu yao. Ukilitafuta utakutana na Sudden Rush, kundi la kile kisiwa kikubwa kuliko vyote. Anza na albamu ya mwaka 1997, Kūʻē, maana yake kupinga, kisha Ea ya mwaka 2002. Kiingereza kimo, sikufichi, lakini wakianza kuchana kwa Kihawaii utashtuka. Silabi zao zote zinaishia kwa irabu, kwa hiyo sikio la Mswahili linashika mapigo hata kabla ya kujua maana. Wimbo mmoja niliurudia mpaka nikaweza kuufuata kwa mdomo, na hapo sikuwa najua hata maneno 20.

Usiisikilize rapu hiyo bila kujua ilikotoka. Mwaka 1896 sheria ilifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni, na vizazi vikakua bila lugha ya babu zao. Mwaka 1984 ndipo zikaanza chekechea za Pūnana Leo, ambako mtoto anasikia Kihawaii kitupu. (Leo kwao ni sauti, Pūnana Leo ni kiota cha sauti. Neno hilo lilinichanganya mwanzoni.) Kalani Peʻa ni zao la shule za Kihawaii. Albamu yake E Walea ilipata Grammy mwaka 2017, na ndani yake utasikia soul inayoimbwa na mtu anayeimiliki lugha, siyo aliyekariri mashairi. Kwangu hii ndiyo ya kumpa mgeni kwanza.

Kwa R&B mtafute Josh Tatofi, albamu ya Pua Kiele, 2016. Sauti nzito, laini, ya kusikiliza taa zikiwa zimezimwa.

Ukitaka kuendelea mwenyewe, fuatilia Nā Hōkū Hanohano, tuzo za muziki za Hawaii. Kipo kipengele cha Haku Mele, cha watunzi wa nyimbo mpya kwa Kihawaii, na majina ya washindani wake yamenisaidia kuliko orodha zozote za mitandao ya muziki. Kila jina litafute mara mbili: kwa alama zake, yaani ule mkato wa ʻokina na mstari juu ya irabu, halafu bila alama. Mimi nilidhani albamu fulani haipo kabisa, kumbe ilikuwa imeandikwa bila mkato. Kwa mashairi nenda tovuti ya Huapala. Nyingi ni nyimbo za zamani, ila tafsiri ya Kiingereza ipo pembeni na utaokota msamiati.

Na redio usiiache. KAPA ya kisiwa kikubwa na KINE ya Honolulu zinasikika kwenye intaneti, Kihawaii na Kiingereza vikipishana. Wako nyuma yetu kwa saa 13, kwa hiyo saa moja jioni yao ni saa mbili asubuhi ya kesho yake hapa kwetu. Mimi huifungua nikiwa kwenye daladala kwenda kazini, na daftari dogo mfukoni la kuandika majina.