Kwa nini bei ya kusafisha meno hutofautiana kiasi hiki?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mkazi wa Igoma, Mwanza. Mke wangu hutokwa na damu kila anapopiga mswaki, na mimi nina ugaga nyuma ya meno ya chini ingawa siumwi popote. Kliniki moja mjini imetutajia shilingi 40,000 kwa kila mtu, nyingine shilingi 100,000. Je, kazi ni ile ile? Na ni kweli kwamba lazima tusafishe kila baada ya miezi 6?

JIBU: Marahaba. Bei mliyotajiwa kabla ya vinywa vyenu kuangaliwa ni makisio tu, kwa sababu kinachopandisha gharama si idadi ya meno bali ni mahali ugaga ulipofika.

Ugaga ni utando wa bakteria uliokaa bila kuondolewa mpaka ukagandishwa na madini ya kalisi na fosfeti yaliyomo kwenye mate. Kwako umejikusanya nyuma ya meno ya mbele ya chini kwa kuwa hapo ndipo hufunguka mifereji ya tezi za mate zilizo chini ya ulimi na chini ya taya. Ugaga huo ulio juu ya fizi, ambao unaweza hata kuupapasa kwa ulimi ukahisi mkwaruzo, huondolewa kwa mashine yenye ncha inayotetemeka maelfu ya mara kwa sekunde huku ikirusha maji ili jino lisipate joto, kisha meno hung'arishwa. Kwa kawaida kazi hiyo huisha siku hiyo hiyo, tena bila ganzi.

Ugaga uliozama chini ya fizi ni jambo jingine. Daktari hupima kwanza kina cha nafasi iliyo kati ya fizi na jino, kwa kutumia kifaa chembamba chenye alama za milimita. Kina cha milimita 1 hadi 3 hakina shida, lakini kikifika 4 au zaidi na fizi inavuja damu, mzizi unahitaji kusafishwa jino kwa jino, mara nyingi kwa ganzi na kwa mahudhurio zaidi ya moja, na pengine picha ya eksirei ili kuona mfupa umeliwa kiasi gani. Kliniki iliyotaja shilingi 100,000 huenda imehesabu yote hayo, au huenda imehesabu kodi ya pango la katikati ya mji. Hutajua mpaka uulize kama bei hiyo ina uchunguzi, upimaji wa fizi, ganzi na hudhurio la marudio ndani yake. Uliza pia vyombo vinatakaswaje. Vinavyotakaswa kwa mvuke wa nyuzi joto 121 au 134 hufunguliwa mbele yako kutoka kwenye pakiti yenye alama iliyobadilika rangi, na huo ni umeme, maji na muda ambao mgonjwa hulipia bila kuuona. Bei ndogo haina ubaya wowote. Ubaya ni bei ndogo iliyopatikana kwa kuruka hatua hiyo.

Kuhusu miezi 6, sikubaliani na anayeifanya kuwa amri kwa kila mtu. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2018 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yalionyesha kwamba kwa watu wazima wasio na ugonjwa mkali wa fizi, kusafishwa kwa ratiba kila miezi 6 au 12 kulileta tofauti ndogo sana, au hakukuleta kabisa, katika afya ya fizi. Mwenye kisukari, mvutaji wa sigara au aliyekwisha kutibiwa fizi anaweza kuhitaji kuonwa kila miezi 3.

Jambo moja zaidi kabla hujalipa: ikiwa mmoja wenu alikulia kwenye visima vyenye floridi nyingi, kama vilivyopo katika baadhi ya maeneo ya Shinyanga na ya mkoa wetu, madoa ya kahawia yaliyo ndani ya jino hayatoki kwa kusafishwa. Wala msijaribu ndimu na magadi, kwani asidi ya ndimu hula tabaka la juu la jino.

Kama fedha haitoshi wote wawili kwa pamoja, atangulie mkeo. Fizi zinazovuja damu kila siku hazifai kusubiri, nawe unaweza kukaa miezi kadhaa ukiendelea kupiga mswaki vizuri mara mbili kwa siku. Amweleze daktari kama ni mjamzito, maana mimba huchochea fizi kuvimba, na ataje dawa anazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda. Mkiwa na bima, ulizeni dirishani kama kifurushi chenu kinagharimia kusafisha meno, kwa kuwa vipo vinavyolipia kung'oa na kuziba peke yake.