Katriji ya vepu inavuja kila nikifika Nairobi, na betri imeanza kujiwasha

SWALI: Salaam aleikum, fundi. Niliacha sigara miaka miwili iliyopita nikahamia vepu ya kujaza, yaani sigara ya umeme, ile ndogo ambayo katriji, kijitangi chake, inachomekwa juu ya betri. Nafanya biashara ya nguo, kwa hiyo napanda treni ya Nairobi mara mbili kwa mwezi. Hapa Likoni katriji hutoa unyevu kidogo tu, lakini nikishuka Nairobi mfuko wa shati umelowa. Nimeshabadilisha katriji tatu, mambo ni yale yale. Wiki iliyopita taa iliwaka yenyewe mfukoni, betri ikapata moto, na tangu hapo chaji haikai. Mwenzangu anasema chaja ya kasi ya simu ndiyo iliyoiua. Anasema pia katriji za kutupwa zinajazika kwa sindano, niache kununua za bei. Nishike lipi? — Msomaji, Likoni

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Nianze na la haraka. Betri hiyo usiichaji leo, wala usiirudishe mfukoni. Chomoa katriji, weka betri peke yake juu ya kigae au sahani ya udongo, mbali na godoro na pazia, kisha soma jibu hili hadi mwisho. Betri ya lithiamu iliyowahi kujiwasha hadi ikapata moto siiamini mpaka nimeikagua, na wewe usiiamini.

Sasa tuje kwenye kuvuja, kwa sababu naona matatizo yako mawili ni ugonjwa mmoja.

Shika katriji mbele ya taa uitazame. Kuna chumba cha maji, yaani ule mchanganyiko wa nikotini unaouvuta, na katikati kuna bomba jembamba linalopanda hadi mdomoni. Chini ya bomba kuna koili, waya unaopata moto, iliyozungukwa na pamba. Pamba hiyo ni utambi, na kazi yake ni ile ile ya utambi wa koroboi: kunyonya kutoka kwenye tangi na kufikisha penye moto. Ila koroboi ina tangi chini na utambi unapanda. Vepu ni kinyume. Maji yako juu ya utambi, kwa hiyo usiku na mchana yanataka kushuka. Kinachoyazuia ni ile hewa kidogo iliyofungiwa juu yake. Maji yakianza kushuka, hewa hiyo inatanuka, kanieneo yake, yaani msukumo wake, inapungua kuliko ya nje, nayo inayashikilia yasiende. Chovya mrija kwenye soda, ziba tundu la juu kwa kidole, kisha uunyanyue. Soda haimwagiki mpaka uachie kidole. Hewa ndiyo kidole cha katriji yako.

Ukilielewa hilo, safari yako ya Nairobi inajieleza. Umeifunga katriji Likoni, usawa wa bahari. Nairobi iko kama mita 1,700 juu, na huko kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18. Hewa uliyoifungia Mombasa haijui kwamba umesafiri, inataka kutanuka kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Tuseme katriji yako ni ya mililita 2, umebakiza maji mililita 1.2, na hewa ni mililita 0.8. Ukifika juu, hewa ile inataka nafasi ya karibu mililita 0.98. Hiyo mililita 0.18 ya maji inasukumwa kupitia kwenye utambi, inaingia kwenye bomba, inateremka. Ni matone manne au matano, na yanatosha kabisa kulowesha mfuko wa shati. Katriji ilikuwa nzima. Hata ungenunua ya kumi, ingevuja vilevile.

Angalia jambo moja ambalo watu wengi hawalitegemei: kadiri hewa ilivyo nyingi ndani, ndivyo maji mengi yanavyosukumwa nje. Anayepanda treni na katriji iliyojaa hupoteza tone moja. Anayepanda na iliyofika nusu hupoteza matone kadhaa. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwako ni kusafiri na katriji tupu, na chupa ya maji iliyofungwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni, halafu ujaze ukifika. Ikiwa lazima isafiri na maji, ichomoe kwenye betri, izungushie tishu, uiweke mdomo ukiwa chini. Ikiwa imegeuzwa na maji hayajafika kwenye utambi, ile hewa inayotanuka hutoka yenyewe kupitia kwenye pamba bila kusukuma maji mbele yake. Ukifika, pangusa, kisha ndipo uichomeke.

Ndege ni mambo hayo hayo. Ndani ya ndege ya abiria kanieneo huwekwa kama ya mtu aliye kwenye mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, basi hata anayeruka kutoka uwanja wa Moi, Mombasa, kwenda Jomo Kenyatta, Nairobi, atapata alichokipata mwenye treni, ila kwa haraka zaidi. Vepu na betri zake hazipakiwi kwenye mzigo unaokwenda tumboni mwa ndege. Zinabebwa mkononi, na hazichajiwi humo.

Joto nalo linafanya kazi kama ya mlima. Ukiacha katriji kwenye dashibodi ya gari Mombasa saa saba mchana, ikapanda kutoka nyuzi 28 hadi 60, hewa iliyofungiwa inataka kutanuka kama asilimia 10, na maji yenyewe yanakuwa mepesi kama chai, yanapenya palipokuwa hapapenyeki. Huo unyevu kidogo unaouona Likoni huenda usiwe kuvuja hata kidogo. Moshi ukipoa ndani ya bomba hugeuka matone, kama mfuniko wa sufuria. Huo ni wa kupangusa tu kila jioni.

Namna ya kujaza. Ninaona watu wakielekeza ncha ya chupa kwenye tundu la katikati kwa sababu ni kubwa na linaonekana. Hilo ni bomba la moshi. Ukimimina humo umemwaga moja kwa moja juu ya betri. Tundu la kujazia liko pembeni, chini ya kizibo cha mpira. Chomoa katriji kwenye betri kwanza, kila mara, hata kama kifaa chako kinaruhusu kujaza kikiwa kimechomekwa. Ilaze kidogo, gusisha ncha ya chupa kwenye ukuta wa ndani, mimina taratibu ili hewa ipate njia ya kutoka kando ya ncha. Simama ikibaki nafasi kama sehemu moja ya kumi. Ile nafasi ndiyo kidole chetu. Ukijaza mpaka juu, kizibo kikishuka kinayasukuma maji kwenye utambi kwa nguvu na pamba inafurika hapo hapo.

Bonyeza kizibo, hakikisha kimekaa sawa pande zote. Kipangusie kwanza, maana tone moja la maji chini ya mpira linatosha kuutelezesha usishike. Geuza katriji mdomo chini juu ya tishu, ikung'ute mara mbili. Iache imesimama dakika kumi. Kama ni mpya kabisa, vuta polepole mara mbili tatu bila kuichomeka, pamba iloe vizuri. Usivute kama unayenyonya embe, utaifurikisha. Ukisikia mlio wa kuchemka kama sufuria ukivuta, maji yameingia kwenye bomba: chomoa, kung'uta, pangusa.

Na hapa nakuomba sana: usipulize kupitia mdomo wa katriji ikiwa bado imechomekwa. Vifaa vingi vinavyofika mezani kwangu na ugonjwa wa kujiwasha, mwenyewe akiulizwa atasema alisikia maji yanachemka akapuliza kuyatoa. Pumzi ile iliyapeleka chini. Chini kuna nini? Kuna pini mbili za umeme, na katikati au pembeni yake kijitundu kinachokwenda kwenye kihisio cha pumzi. Kihisio hicho kina utando mwembamba kama wa maikrofoni. Ukivuta, utando unasogea, nacho kinaamuru koili iwake. Tone la maji likikaa juu ya utando, kihisio kinaamini kwamba kuna mtu anavuta. Ndivyo taa yako ilivyowaka mfukoni. Vifaa vingi hukata umeme baada ya sekunde kumi hivi, lakini kihisio kilicholoa maji huwasha tena, na tena. Maji ya Nairobi yaliyolowesha shati ndiyo yaliyoingia kwenye betri.

Basi chaja ya mwenzako sitaihukumu kwa kosa hilo. Chaja ya kasi iliyo halali haimwagi volti 9 mpaka kifaa chenyewe kiombe, na vepu ndogo haiombi. Inapata volti 5 tu, halafu saketi iliyo ndani ndiyo inayopima mkondo na kusimamisha chaji seli ikifika volti 4.2. Ninayoiogopa ni chaja ya bandia isiyoweza kushikilia volti 5, na ninaogopa zaidi tundu la chaji lenye ute wa gliserini, ule uzito wa maji ya vepu, ndani yake. Tumia adapta ya kawaida ya volti 5 na ampea 1, chaji ukiwa macho, juu ya kitu kisichoshika moto, na uchomoe ikijaa. Usiiache ife kabisa wiki nzima droo­ni. Seli ikikaa chini ya volti 2.5 inaharibika ndani, na kuilazimisha irudi ni hatari.

Sasa ikague. Ukiona imevimba, mfuniko umeachana, ina alama ya kuungua, au inatoa harufu tamu kali kama dawa ya kuondoa rangi ya kucha, imekwisha. Usiitoboe, usiitupe kwenye jalala linalochomwa. Iweke kwenye kopo la mchanga mkavu nje ya nyumba, kisha uipeleke kwa wanaokusanya taka za elektroniki. Kama haina dalili hizo, chukua kijiti cha pamba cha masikio, kichovye kidogo kwenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, safisha pini na ukingo wake. Usimimine, wala usitumie maji ya bomba. Isimamishe kichwa chini juu ya tishu saa 24, mbali na jua. Kisha ijaribu mkononi, bila katriji. Taa ikiwaka yenyewe, kihisio kimekufa. Na kwa kuwa umesema chaji haikai, hata ikitulia mimi ningekushauri ununue betri mpya. Bei yake ni ndogo kuliko ngozi ya paja.

Kuhusu koili, soma namba ya omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, iliyoandikwa kwenye katriji. Koili ya omu 1.2 kwa betri ya volti 3.7 inavuta ampea 3 hivi. Ya omu 0.6 inavuta zaidi ya ampea 6, wati kama 23. Betri ndogo ya miliampea-saa 500 iliyotengenezwa kwa omu 1.2 ukiibebesha 0.6 inachemka na kuzeeka mapema. Baki na omu ambazo kifaa chako kimeandikiwa. Ladha ikianza kuwa ya kuungua, mara nyingi baada ya wiki moja au mbili, utambi umekwisha. Kuendelea kujaza juu ya pamba iliyoungua ni kuvuta moshi wa pamba, na pamba ya namna hiyo haishiki tena maji.

Ndiyo maana katriji za kutupwa sikushauri kuzijaza. Ni kweli sindano inapita. Lakini ili ufikie chumba cha maji lazima uibandue katriji kwa bisibisi, plastiki inapata ufa usioonekana, ule mpira wa ndani haurudi ulivyokuwa, na kile kidole cha hewa hakipo tena. Utambi wake nao ulipimwa kwa maji yale yale ya mwanzo. Utaokoa shilingi za katriji, upoteze betri.

Katika maji, katriji ndogo nyingi hufurahia mchanganyiko wa nusu gliserini, ambayo ni nzito, na nusu propilini glikoli, ambayo ni nyepesi zaidi. Kwa joto la pwani unaweza kwenda 60 za gliserini kwa 40. Ukifika 70, yanakuwa mazito, hayapenyi haraka, utambi unaungua. Usiyapunguze kwa maji ya kunywa, na usitie mafuta ya aina yoyote: si ya kupikia, si ya karafuu, si ya vitamini. Mwaka 2019 Marekani ilipata mlipuko wa ugonjwa wa mapafu kwa watumiaji wa vepu. Hadi Februari 2020 waliolazwa hospitali au kufa walizidi 2,800, na vifo vilivyothibitishwa vilikuwa 68. Uchunguzi ulielekeza kidole hasa kwenye mafuta ya asetati ya vitamini E yaliyochanganywa kwenye katriji za bangi. Pafu halitoi mafuta kwa urahisi.

Nikotini nayo inapenya ngozi. Ikikumwagikia, osha kwa sabuni mara moja, na chupa ikae juu mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti. Kiasi kidogo kinaweza kumuua. Umefanya vyema kuachana na sigara, na ukiweza kushusha nguvu ya nikotini kidogo kidogo mpaka ukaiacha hata hii, nitafurahi kumpoteza mteja. Na biashara ikikufikisha Kampala, iache nyumbani: sheria ya Uganda ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015 imepiga marufuku kuingiza na kuuza sigara hizi.

Kabla ya safari yako ijayo, ukishapata betri mpya, jaza katriji usiku, isimamishe peke yake juu ya tishu nyeupe. Asubuhi tishu ikiwa kavu, kizibo na mpira ni vizima, na cha kuogopa ni ule mlima tu. Ikiwa na duara la maji, tazama duara limetoka pembeni au katikati, uniandikie.